Hataza Ikiisha, Siri Hubaki

Hataza ya dawa, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasiitengeneze, inapokaribia kwisha, watu huniuliza: bei itashuka lini? Huwa nawajibu kwamba inategemea ni nini kiliandikwa kwenye hataza, na ni nini kilifichwa. Jibu hilo huwaudhi wengi.

Kazi yangu ni kupitia majalada ya usajili wa dawa. Jalada la kiambato hai, yaani kile kinachotibu ndani ya dawa, aghalabu huja kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni ya wazi. Kiwanda kinachonunua kiambato hicho ili kitengeneze vidonge huiona. Ya pili mwenye kiambato huileta moja kwa moja kwetu kwenye mamlaka ya dawa, na mteja wake mwenyewe haruhusiwi kuifungua. Humo ndimo yalimo mambo yenyewe: kiyeyushi gani, joto la nyuzi ngapi, mchanganyiko ukorogwe muda gani, hatua ipi huzaa uchafu na uchafu huo huondolewa vipi. Nasoma, nauliza maswali, narudisha kabatini. Jioni naondoka nikiwa najua jinsi dawa inavyotengenezwa, na siruhusiwi kumwambia mtu.

Hataza na siri ya biashara si ndugu, ingawa hutajwa pamoja. Mwenye hataza hupewa ulinzi wa miaka 20 tangu siku ya kuomba, naye kwa upande wake hutakiwa aeleze uvumbuzi wake hadharani kiasi cha kumwezesha fundi mwenzake kuurudia. Siri haina ukomo. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu hataza na haki nyingine za ubunifu, unaotumika tangu 1995, unailinda katika kifungu cha 39 kwa masharti matatu tu: isijulikane na wengi, thamani yake itokane na kutojulikana huko, na mwenyewe awe amechukua hatua za kuificha. Hakuna tarehe ya mwisho. Kampuni yenye wanasheria wazuri huandika kwenye hataza kile kinachotosha kumridhisha mkaguzi wa hataza, na kilichobaki hukaa kiwandani.

Tazama Premarin, dawa ya homoni inayotokana na mkojo wa farasi jike wenye mimba. Marekani iliiidhinisha mwaka 1942. Miaka 60 baadaye, hataza zikiwa zimeshasahaulika, haikuwa na jenariki, yaani nakala ya bei nafuu kutoka kampuni nyingine, nchini humo. Mamlaka ya dawa ilikataa zile za kutengenezwa maabara mwaka 1997, kwa kuwa viambato hai vya dawa yenyewe vilikuwa havijabainishwa vyote. Ikabaki njia ya kukamua homoni hizo kutoka kwenye mkojo, nayo ni siri. Kampuni ndogo iliyojaribu njia hiyo ilishtakiwa kwa kuiba siri, ikashindwa mahakamani mwaka 2003 na rufaa yake ikatupwa mwaka 2005.

Na hiyo ni dawa ya zamani. Kwenye dawa za kibayolojia mambo ni magumu zaidi. Kidonge cha kawaida mkemia mzuri anaweza kukichambua na kukirudia. Kingamwili, mojawapo ya dawa hizo za kibayolojia, hutengenezwa na seli hai, na seli hizo ni mali ya mtu. Ukibadilisha chakula chake au joto la tangi, unapata protini iliyo tofauti kidogo, kisha unapaswa kuthibitisha kwa majaribio ya gharama kubwa kwamba tofauti hiyo haina madhara.

Ndiyo maana sishangilii sana inapotajwa leseni ya lazima, yaani serikali kuruhusu wengine watengeneze dawa bila idhini ya mwenye hataza. Ni chombo kizuri, kimeshusha bei za dawa za UKIMWI, na sitaki kukidharau. Lakini inampa mtu ruhusa tu, ujuzi haumo. Oktoba 2020 kampuni ya Moderna ya Marekani ilitangaza kwamba haitadai haki za hataza zake za chanjo ya Uviko-19 janga likiendelea. Hakuna kiwanda kilichoamka kesho yake kikiitengeneza. Kampuni ya Afrigen ya Cape Town, kwenye mpango wa Shirika la Afya Duniani, ilifanikiwa kutengeneza nakala ya chanjo hiyo kwa kiasi cha maabara mwanzoni mwa 2022, ikianzia kwenye taarifa zilizokwisha kuchapishwa na bila msaada wa Moderna. Mafundi walikuwapo. Muda mwingi ulitumika kugundua upya kitu ambacho tayari kilikuwa kwenye daftari la mtu mwingine.

India na Afrika Kusini zililiona hilo mapema. Pendekezo lao la Oktoba 2020 kwenye Shirika la Biashara Duniani lilitaka kusimamisha ulinzi wa hataza na pia wa taarifa za siri. Uamuzi uliopitishwa Juni 2022 ulihusu hasa hataza za chanjo. Sehemu iliyoachwa ndiyo iliyokuwa na uzito.

Na mlango upo. Kifungu hichohicho cha 39, aya ya tatu, kinachotaka serikali zilinde data zinazowasilishwa kwa ajili ya usajili, kinaruhusu zifichuliwe pale inapolazimu ili kulinda umma. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi, wakati mwingine jalada lenyewe likiwa mezani. Katika miaka yangu yote ya kazi hii, sijaona jalada hata moja likifunguliwa kwa sababu yake.