Chien-Shiung Wu na kobalti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Lubumbashi ukitaja kobalti, maongezi huenda moja kwa moja kwenye bei, magunia na foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Jina la Chien-Shiung Wu ni nadra kulisikia. Likitajwa, mara nyingi na mwanafunzi wa fizikia kule chuoni Kasapa, huja limechanganyika na hadithi za nusunusu. Mama huyu, mwanafizikia aliyefanya jaribio maarufu kwa kobalti, alizaliwa mwaka 1912 Liuhe, karibu na Shanghai, akapanda meli kwenda Marekani mwaka 1936, akafariki New York mwaka 1997. Nianze na hadithi inayotugusa sisi.

"Kobalti aliyoitumia ni hii hii ya magunia yetu, na ndiyo maana mawe yetu yana mionzi." Hapana. Kobalti inayochimbwa, iwe Kolwezi au kokote duniani, ni kobalti-59, nayo haitoi mionzi. Wu alitumia kobalti-60, ambayo hakuna mgodi unaoitoa. Hutengenezwa kwenye kinu cha nyuklia: kobalti ya kawaida inapigwa kwa nyutroni, kiini cha atomu kinameza moja, na tangu hapo hakitulii mpaka kitoe elektroni. Kila miaka mitano na kidogo nusu yake inakuwa imekwisha. Mchimbaji wa Katanga anayo sababu ya kuogopa mionzi, ila mwenye kesi ni urani, ambayo katika baadhi ya miamba yetu imekaa pamoja na shaba na kobalti. (Vumbi la kobalti lenyewe huharibu mapafu, hata bila mionzi yoyote.)

Ya pili ni ngumu kuiua kwa sababu ina ukweli ndani yake: kwamba Wu alitengeneza bomu kwa urani ya Shinkolobwe. Urani ya Shinkolobwe, pale karibu na Likasi, kweli ilikwenda kwenye mradi wa Manhattan, ule wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomu. Wu naye aliingia katika mradi huo mwaka 1944, Chuo Kikuu cha Columbia. Lakini kazi yake ilihusu vifaa vya kupimia mionzi na mbinu za kurutubisha urani. Bomu hakulibuni yeye.

Sasa hii inayoniudhi kuliko zote: "Alikuwa msaidizi wa Lee na Yang." Tsung-Dao Lee na Chen-Ning Yang, waliotoka China kama yeye, walikuwa watu wa kalamu na hesabu. Mwaka 1956 waligundua kwamba jambo ambalo wanafizikia wote waliliamini halijawahi kupimwa katika mtengano wa beta, yaani pale kiini cha atomu kinapotoa elektroni. Imani yenyewe ilikuwa kwamba asili haibagui kulia na kushoto. Lee alimfuata Wu ofisini kwake Columbia, kwa sababu kwa mambo ya beta hakukuwa na wa kumshinda.

Sifa hiyo aliipata kwa shaba. Nadharia ya beta ya mwanafizikia Enrico Fermi, iliyotabiri elektroni zitatoka kwa mwendo gani, ilikuwa imekaa miaka mingi haikubaliani na vipimo vya maabara. Wu alishuku kwamba kosa liko kwenye sampuli: zilikuwa nene, elektroni zikapunguzwa mwendo kabla ya kutoka. Akachukua salfeti ya shaba yenye mionzi, akaitia sabuni kidogo ili itandazike utando mwembamba, sawa kila mahali. Mwaka 1949 vipimo vikakaa pale pale Fermi aliposema.

Kwa hiyo Lee alipokuja na swali, Wu ndiye aliyesema tutumie kobalti-60, na tuigandishe. Kila kiini cha kobalti huzunguka kama pia ya kuchezea watoto, na ili yote yaelekee upande mmoja unahitaji sumaku na baridi kali, karibu kabisa na nyuzi 273 chini ya sifuri, la sivyo joto linayavuruga. Kazi ilifanyika Washington pamoja na wataalamu wa baridi wa taasisi ya vipimo ya serikali. Elektroni nyingi zaidi zilitoka upande mmoja. Walipogeuza sumaku, nazo zikageuka. Kumbe asili inabagua kulia na kushoto. Kila jaribio lilidumu dakika chache tu kabla sampuli haijapata joto na tofauti kupotea. Wolfgang Pauli, mwanafizikia mkubwa, alikuwa tayari kuweka dau kwamba Wu hatapata kitu.

Wengine hudhani Marekani ilimpokea kwa mikono miwili naye akaisahau China. Alikuwa ameandikishwa Chuo Kikuu cha Michigan. Aliposikia kwamba huko wanafunzi wa kike hawaruhusiwi kupita mlango wa mbele wa jengo la wanafunzi, akabaki Berkeley, chuo cha California. Vita na Japani vikaanza mwaka uliofuata, kisha mapinduzi, na njia ya kurudi ikafungwa. Wazazi wake walifariki hajawaona tena. Aliporudi China kwa mara ya kwanza, mwaka 1973, alikuta makaburi yao yamevunjwa.

Na Nobeli? Wapo wanaoamini aliipata. Ya mwaka 1957 walipewa Lee na Yang peke yao. Watetezi wa uamuzi ule husema kupendekeza majina hufungwa mwishoni mwa Januari, na makala ya Wu ilichapishwa Februari. Hiyo inaeleza mwaka mmoja. Haielezi miaka 40 aliyoishi baadaye, na sheria za tuzo zinaruhusu washindi hadi watatu. Mwaka 1975 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanafizikia wa Marekani, na mwaka 1978 akapata tuzo ya Wolf ya fizikia, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Columbia ilisubiri mpaka huo huo mwaka 1975 kuusawazisha mshahara wake na wa wanaume wenzake.