Jina la Apache Kwenye Skrini Si Jina la Mwenye Tovuti

Kila ifikapo Oktoba, mwezi ambao nchi nyingi zimeutenga kwa uelewa wa usalama wa mtandao, malalamiko kuhusu tovuti huongezeka kwenye dawati letu la kuchunguza makosa ya mtandao hapa Tanzania. Tunayapokea kwa moyo mkunjufu, kwa sababu mwananchi anayekaa chini akaandika ni mwananchi anayejali. Tatizo ni kwamba mengi kati ya malalamiko hayo yanamtaja mtuhumiwa asiyehusika. Mzazi anaandika kwamba Apache wameiteka tovuti ya shule. Mfanyabiashara anaeleza kwamba nginx wamechukua pesa yake. Mwingine anaomba Ubuntu wafungiwe kufanya biashara nchini. Wakati barua hizo zinazunguka, ushahidi wa kumpata mhusika halisi unafutika kwenye seva, na hapo ndipo ninapotaka msomaji anielewe.

Maelezo haya ni elimu ya jumla. Hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili wala hayahusu shauri lolote lililoko mbele ya vyombo vya dola.

Apache na nginx ni programu huria za seva, yaani msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi kwa wote. Ubuntu ni mfumo endeshi huria ambao programu hizo husakinishwa juu yake. Kivinjari chako kikiomba ukurasa, programu hiyo iliyoko kwenye mashine ya mwenye tovuti ndiyo inayoutoa. Apache ilianza mwaka 1995, pale kikundi cha wasimamizi wa tovuti kilipoanza kuunganisha viraka (marekebisho ya programu) walivyokuwa wakiviweka kwenye programu ya NCSA ya Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Tangu 1999 inalelewa na Apache Software Foundation, taasisi isiyo ya kibiashara. Nginx ilianzishwa na Igor Sysoev wa Urusi na ikatolewa kwa umma mwaka 2004. Mtu yeyote anazipakua programu hizi, anazisakinisha na kuzitumia bila kujisajili popote. Kwa hiyo taasisi hiyo ya Marekani haina orodha ya wanaotumia Apache. Haiijui tovuti ya shule ya mwanao, haina ufunguo wa kuiingilia, na haiwezi kuifunga hata ikitaka.

Lori lililobeba bidhaa za wizi huandikwa jina la kiwanda kilicholiunda, kubwa, mbele kabisa. Hakuna askari wa barabarani anayekwenda kukikamata kiwanda. Anauliza kadi ya gari.

Ukurasa unaotuletea kazi kubwa kuliko yote ni ule wenye maneno "It works!", au ule wa Ubuntu unaoitaja Apache juu kabisa, au "Welcome to nginx!". Huo ni ukurasa wa majaribio. Unakuja pamoja na programu, na maana yake ni kwamba programu imesakinishwa na inafanya kazi, lakini tovuti haijawekwa. Huenda tovuti iliyokuwapo imeondolewa, au seva imesakinishwa upya, au jina la kikoa limeelekezwa kwenye mashine mpya ambayo bado haijapangwa. Ukurasa wa nginx wenyewe unasema wazi, kwa Kiingereza, kwamba usanidi zaidi unahitajika. Hakuna aliyedukuliwa kwa sababu tu ukurasa huo umeonekana. Piga simu kwa mwenye tovuti, naye apige simu kwa kampuni inayomhifadhia tovuti. Mara nyingi suala linaishia hapo.

Wapo wanaodhani kosa hili ni la watu wasio na elimu ya kompyuta. Machi 2006, meneja wa mji mdogo wa Tuttle, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, aliikuta tovuti ya mji wake imetoweka na mahali pake pana ukurasa wa majaribio wa Apache wenye jina la CentOS, ambao ni mfumo endeshi huria. Aliwaandikia watengenezaji wa CentOS akiwaamuru waondoe programu yao, akatishia kuwafikisha FBI, na akawaeleza kwamba ana uzoefu wa miaka 22 katika mifumo ya kompyuta. Mmoja wa watengenezaji hao, ambaye hakuwa na wajibu wowote kwake, ndiye aliyefuatilia mpaka ikajulikana kwamba chanzo ni kampuni iliyokuwa ikihifadhi tovuti ya mji. Nautaja mkasa huu kwa sababu barua za namna ile tunazipata hata leo kutoka kwa wakuu wa taasisi, zikiwa na mhuri na nakala kwa ofisi tatu. Mhuri hauifanyi Apache kuwa mmiliki wa tovuti.

Kosa linalofanana na hilo linatokana na kurasa za hitilafu. Ukurasa ukikosekana au ukizuiwa, baadhi ya seva huandika chini yake jina la programu, toleo lake na mfumo endeshi. Mwananchi anaona "403 Forbidden" na jina Apache, anahitimisha kwamba Apache wamemkatalia. Aliyekukatalia ni msimamizi wa tovuti hiyo, kwa makusudi au kwa kusahau kuweka ruhusa za mafaili. Maofisa TEHAMA wangetupunguzia mzigo kwa kuzima saini hiyo: ServerSignature iwe Off, ServerTokens iwe Prod, na kwa nginx server_tokens iwe off. Hakuna faida yoyote ya kumtangazia kila mpita njia toleo la programu unayotumia.

Kuna hali moja ambayo ukurasa wa majaribio unapaswa kukushtua. Ukiandika anwani ya Google au Facebook ukaletewa "Welcome to nginx!", basi kifaa chako au ruta yako inapelekwa kusiko. Tatizo hilo lilienea kiasi kwamba watengenezaji wa nginx waliweka maelezo maalumu kwenye tovuti yao. Mara nyingi programu hasidi imebadilisha mipangilio ya DNS, mfumo unaoelekeza jina la tovuti kwenye mashine yake, na seva ya wahalifu unayopelekwa inatumia nginx kama zinavyotumia seva nyingi nyingine duniani. Usiandike nywila yoyote. Safisha kifaa, rudisha mipangilio ya DNS, badilisha nywila ya ruta. Hata hapa nginx si mhalifu.

Sasa suala la bure. Leseni ya Apache, toleo la 2.0 la mwaka 2004, inakuruhusu kutumia programu, kuibadilisha na hata kuiuza ndani ya bidhaa yako. Hakuna ada ya mwaka. Akija mtu kwenye SACCOS yenu na ankara ya leseni ya Apache, mwombeni mkataba wa huduma aliyoitoa. Malipo ya matengenezo ni halali, malipo ya leseni hayapo. Leseni hiyo hiyo inasema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Wakuu wa taasisi wanaisoma nusu ya kwanza wakafurahi, nusu ya pili hawaifiki. Kukosekana kwa dhamana maana yake ni kwamba jukumu la kuweka viraka, kulinda taarifa za wateja na kujibu maswali yetu ni lako wewe uliyeisakinisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtazama mkusanyaji wa taarifa. Haijali kama alitumia programu ya kununua au huria. Kwa msomaji wa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mdhibiti wa data amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 baada ya kugundua uvujaji wenye hatari ya kweli ya madhara. Jibu la kwamba programu ilikuwa ya bure halisimamishi saa hizo.

Wengine wanasema msimbo ukiwa wazi, wadukuzi wanauona, kwa hiyo programu huria ni dhaifu. Wengine wanasema unaonwa na wengi, kwa hiyo ni salama. Hoja zote mbili zinakwepa swali la maana: kiraka kimewekwa lini? Mwaka 2017 Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, ilipoteza taarifa za watu wapatao milioni 147 kupitia udhaifu wa Apache Struts, programu nyingine ya taasisi ya Apache, ambao kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi. Wadukuzi waliingia Mei. Oktoba 2021, Apache httpd, yaani programu ya seva yenyewe, toleo la 2.4.49 ilikutwa na udhaifu uliowezesha kusoma mafaili nje ya folda ya tovuti. Toleo la 2.4.50 lilitoka tarehe 4, likaonekana halitoshi, na 2.4.51 likatoka tarehe 7 ya mwezi huo huo. Watengenezaji walifanya kazi yao kwa siku tatu. Seva ambazo hazikusasishwa baada ya hapo ni mali ya watu, na watu hao wana majina.

Hapo hapo nieleze mkanganyiko uliotuchosha Desemba 2021. Log4j, iliyokutwa na udhaifu mkubwa wakati ule, ni maktaba ya Java inayolelewa na taasisi ile ile ya Apache. Struts nayo ni ya kwao, Tomcat pia, na mamia ya miradi mingine. Programu ya seva, httpd, imeandikwa kwa lugha ya C na haitumii Log4j. Hata hivyo ofisi zilizima tovuti kwa sababu tu ziliona neno Apache, huku mifumo ya Java iliyokuwa hatarini kweli ikiachwa inaendelea. Ofisa TEHAMA analipwa kujua tofauti hiyo.

Wakaguzi nao wana lao. Ripoti nyingi za ukaguzi zinasoma namba ya toleo, zinailinganisha na orodha ya udhaifu, kisha zinatoa hukumu. Wasambazaji wa mifumo endeshi kama Red Hat huchukua kiraka cha usalama na kukiweka kwenye toleo la zamani bila kubadilisha namba ya mbele. CentOS 7 ilibaki na httpd 2.4.6 kwa miaka yote, huku viraka vikiingia. Someni kumbukumbu za mabadiliko ya kifurushi kabla ya kuandika. Ila tangu tarehe 30 Juni 2024 CentOS 7 haipokei viraka tena, na hapo mkaguzi anayeipinga ana haki kabisa.

Tuje kwenye utaratibu wa kulalamika. Ninaomba usomwe polepole.

Kwenye mifumo endeshi ya Debian na Ubuntu, Apache husakinishwa ikiwa imepangwa kutunza kumbukumbu za seva kwa siku 14 tu, kisha za zamani zinafutwa kila siku. Kwenye mifumo ya jamii ya Red Hat ni takriban wiki nne. Kumbukumbu hizo ndizo zinazoonyesha anwani iliyoingia, saa iliyoingia na ukurasa ulioguswa. Ukitumia wiki mbili kuwaandikia watu wa Marekani wasiohusika, kuna uwezekano mkubwa kwamba tukifika kwenye seva tutakuta hakuna cha kusoma.

Kwa hiyo nenda kituo cha polisi mapema, toa taarifa na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa polisi mamlaka ya kumwagiza anayeshikilia data aihifadhi uchunguzi ukiendelea, lakini agizo hilo halifufui kilichokwisha kufutwa. Beba anwani kamili ya ukurasa, iliyonakiliwa kutoka kwenye kivinjari, kwa sababu tovuti za matapeli hutofautiana na halali kwa herufi moja. Beba picha ya skrini inayoonyesha anwani hiyo. Kama pesa ilitoka, beba ujumbe wa muamala wenye namba yake, na usiufute kwenye simu hata kama umeuchapisha. Namba 15040 ni ya kuripoti namba za simu za matapeli. Anwani ya tovuti haitumwi huko.

Saa iandikwe kwa makini kuliko kitu kingine. Tunapokea maelezo yanayosema tukio lilitokea saa 2, bila kueleza asubuhi au usiku, wala kama ni saa ya Kiswahili au ya kimataifa. Seva nyingi zimewekwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Saa mbili usiku Dar es Salaam ni 20:00 kwenye simu yako na 17:00 kwenye seva. Andika tarehe, saa kama ilivyoonekana kwenye simu, na mahali ulipokuwa.

Usijaribu kuchunguza mwenyewe kwa kubahatisha nywila za tovuti unayoishuku. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamhusu yeyote anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila ruhusa, na nia njema ya mlalamikaji haiwi ruhusa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 3,000,000 au mara tatu ya thamani ya faida iliyopatikana isivyo halali, yoyote iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Vilevile, kabla ya kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba kampuni fulani imeiba, soma kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo. Kinamgusa anayejua kuwa taarifa si ya kweli na ana nia ya kukashifu au kupotosha umma, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Aliyekosea kwa dhati hayumo humo, lakini aliyeelezwa akaendelea kusambaza atakuwa na kazi ya kujieleza.

Kwa maofisa TEHAMA: fungueni /etc/logrotate.d/apache2, tafuteni neno rotate, na muongeze namba 14 iliyo mbele yake kwa kadiri diski na sera yenu ya taarifa binafsi inavyoruhusu. Nakala ya kumbukumbu ikae kwenye mashine nyingine, kwa sababu mdukuzi akiingia huanza kufuta hapo. Na kwa mwananchi: RB haiuzwi. Ukidaiwa pesa ili upewe, omba kuonana na mkuu wa kituo.