Radi ya Ness: mpira uzungushe upande wa nje

Vijana ninaocheza nao Super Smash Bros. Ultimate, gemu ya kupigana ya Nintendo, huniuliza swali hili kuliko jingine lolote: "Kaka, mbona nikimchukua Ness nakufa kila nikitupwa nje?" Ness ni mtoto, mmoja wa wahusika wa gemu hii. Nami huwauliza: mpira uliuzungusha upande gani? Wengi hawakumbuki. Macho yalikuwa jukwaani, kidole kikafuata macho.

Kwa waliozoea Tekken, ambako damu ikiisha umekwisha, huku mambo ni mengine. Kila pigo linakuongezea asilimia, na asilimia zikipanda unarushwa mbali zaidi. Kinachokuua ni kuvuka mpaka, juu, chini au pembeni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pambano inachezwa nje ya jukwaa, hewani, mmoja akihangaika kurudi na mwenzake akimzibia njia.

Karibu kila mhusika ana pigo lake la kurudi nalo jukwaani. Mario anapaa na ngumi. Marth anakata juu kwa upanga, kufumba na kufumbua kashafika. Fox anajiwasha moto, anasubiri kidogo, kisha anafyatuka upande uliomchagulia. Ukishabonyeza na kuelekeza, kazi imekwisha.

Ness hana urahisi huo. Ukibonyeza, mtoto anabaki hewani akishuka polepole, na juu ya kichwa chake linatoka donge la radi lenye mkia, PK Thunder, ndio ule mpira. Kuanzia hapo analogi yako, kile kijiti cha pedi, haimwongozi Ness tena, inaliongoza lile donge. Unatakiwa ulizungushe hewani, ulirudishe, limpige Ness mwenyewe. Likimpata anafyatuka kama risasi. Likimpiga kutoka kushoto anakwenda kulia. Likimpiga kutoka chini anapanda juu. Likimkosa au likizimwa njiani, anaporomoka, hawezi kuruka tena wala kupiga.

Nalipenda pigo hili kuliko yote katika mfululizo huu, na nimelicheza katika kila toleo, kuanzia lile la Nintendo 64 la 1999, ambamo Ness alikuwa mhusika wa siri, hadi hili la Switch la 2018. Kinachonivutia zaidi ni asili yake. Katika gemu alikotoka, EarthBound, iliyotoka Japani mwaka 1994 kwa jina la Mother 2, Ness hajifunzi PK Thunder kabisa. Radi ni ya marafiki zake, akiwemo Paula. Tena Paula ndiye anayempa beji ya Franklin, inayorudisha radi ilikotoka, na bila beji hiyo bwana Carpainter, kiongozi wa kikundi cha dini, angemmaliza kwa radi zake. Kumbe mtoto aliyevaa beji ili radi isimguse, huku kwenye Smash anaiita imgonge mgongoni ndipo afike nyumbani.

Turudi kwenye kufa. Mpinzani anayejua kazi yake hamfuati Ness mwilini, anaufuata mpira. Akiruka na kuugusa kwa mwili wake, anaumia kidogo tu, mpira unapotea, na wewe unakwenda na maji. Mr. Game & Watch anaumeza kwenye ndoo yake. Ness mwingine anaunyonya kwa sumaku yake na kupunguza asilimia juu yake. Rosalina anauvuta ukayeyuka. Lucas, anayefanana sana na Ness, amepewa nafuu: mpira wake unapita katika mwili wa mpinzani bila kuzimika, na ana kamba ya kunasia ukingo. Ness hana kamba. Ana mpira tu, na kuruka kwake kwa pili.

Sasa tazama kwa makini. Chukulia umetupwa upande wa kushoto, jukwaa liko kulia kwako. Mpira unatoka juu ya kichwa. Mchezaji mgeni ataupeleka kulia, kwa sababu huko ndiko anakotaka kwenda, halafu aushushe chini na kuurudisha. Hapo amefanya makosa mawili kwa mpigo. Kwanza, ameupitisha mlangoni kwa adui, anayesimama ukingoni akiusubiri. Pili, mpira ukirudi utampiga kutoka upande wa jukwaa, umtupe nje zaidi. Ili aokoke itabidi auzungushe mwili mzima, na muda huo wote anashuka.

Upeleke kushoto, upande wa nje, kwenye uwazi. Ushushe ubavuni mwako, kisha uukunje urudi kulia. Utakugonga kutoka nje na kukutupa ndani. Ukitaka kupanda kwa mshazari, uache ushuke kidogo zaidi kabla ya kuukunja, ukugonge kutoka chini kushoto. Njia hiyo yote mwili wako uko katikati ya mpira na adui. Akiutaka, lazima akupite wewe kwanza, na Ness aliyefyatuliwa na radi ni moja ya mapigo mazito aliyo nayo. Anayekusogelea sana anagongwa yeye.

Mpira haukati kona kali. Ndiyo maana nawaambia vijana wafungue chumba cha mazoezi, wasimame na Ness peke yake, waache kumtazama Ness na kuutazama mpira tu, wazungushe kushoto mpaka mkono uzoee, kisha kulia. Upande mmoja huwa mzito kuliko mwingine. Wangu ulikuwa wa kulia, na ulinichukua muda mrefu kunyooka.

Jambo jingine ni kimo. Usisubiri uwe chini kabisa ndipo uite radi, kwa sababu mzunguko unakula muda na wewe unashuka. Na ule mruko wa pili utunze kama akiba. Ukishautumia, kila mtu anajua kinachofuata.

Juzi kijana mmoja alikuwa akicheza na dada yake, dada kachukua Kirby, ambaye huruka mara nyingi hewani na hana haraka ya kurudi. Mara mbili dada alitoka nje akauzima mpira kwa mwili, mara mbili mdogo wake akazama. Wakabakiwa na uhai mmoja mmoja. Kijana akarushwa kushoto, Kirby akamfuata tena na kukaa palepale alipozoea, juu kidogo upande wa jukwaa. Safari hii mpira ukatoka, ukapinda nje. Niliona dada anashtuka, anaanza kumzunguka Ness kwa juu ili aufuate. Mpira ulikuwa umeshapita ubavuni, unakunja kutoka chini. Ukamgonga mtoto mgongoni wakati Kirby yuko mbele yake pua kwa pua.

Kirby akatokomea juu ya skrini. Ness akatua katikati ya jukwaa, na kijana akaweka pedi chini taratibu, akamwambia dada yake, "Shikamoo."