Samaki wa Ziwa Nyasa Wanavyogawana Maji Yale Yale

Wananchi wa Kyela na Ludewa hutuuliza mara kwa mara, sisi tulio kwenye utafiti wa uvuvi, inawezekanaje samaki wa aina nyingi namna ile wakae kwenye mwamba mmoja bila aina moja kuzifukuza nyingine zote. Swali lina uzito wake, kwa kuwa Ziwa Nyasa, ambalo tunalichangia na Malawi na Msumbiji, linakadiriwa kuwa na aina 700 hadi 1,000 za samaki, nyingi zikiwa za ukoo wa perege, na sehemu kubwa ya hizo haipatikani mahali pengine popote duniani.

Sehemu kubwa ya jibu imo kinywani. Mashariki ya ufukwe wa Matema, pale mchanga unapokoma na Milima ya Livingstone inapoingia majini, wapo samaki wadogo wa miambani wenye rangi kali ambao upande wa Malawi huitwa mbuna. Wengi wao hula mwani uliotanda juu ya mawe, lakini kila mmoja kwa namna yake. Yuko ambaye mdomo wake umekaa chini ya pua, naye hukwangua mwani akiwa sambamba na jiwe, hivyo huweza kula hata kwenye maji mafupi yanayopigwa na mawimbi. Ndugu yake wa karibu ana mwili mwembamba unaomwezesha kula ndani ya nyufa. Mwingine ana meno mengi yanayopinda, ambayo huchana mwani kama kitana na kuondoa chembe zilizoushikilia, huku nyuzi zenyewe akiziacha. Wengine hudonoa viluwiluwi vya wadudu kwa meno membamba ya mbele. Tena yupo ambaye hunyemelea majirani na kung'ata magamba na mapezi yao, kwa hiyo mtu asidhani kwamba kugawana huku ni amani.

La kushangaza ni kwamba vijidudu vinavyoelea majini vinapokuwa tele, samaki hawa wenye vinywa vya kazi maalumu huacha mawe yao wakala pamoja chakula hicho rahisi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye somo kubwa kuliko yote, maana inaonekana kinywa maalumu humfaa mwenyewe hasa wakati wa uhaba, na anayewachunguza msimu wa neema pekee anaweza kudhani hawatofautiani kitu.

Mbali na ufukwe, mgawanyo hufuata kina na saa. Ziwa lina kina cha takriban mita 700, lakini hewa ya oksijeni huishia kwenye mita 200 hadi 250, na chini ya hapo samaki hawaishi. Viluwiluwi vya wale wadudu wanaopaa juu ya ziwa kama wingu hushuka mchana hadi tabaka hilo lisilo na hewa ili kuwakwepa samaki, kisha hupanda usiku kula. Dagaa nao hukaa maji ya juu, na wavuvi wetu, wanaowavua kwa taa nyakati za giza, wanazijua saa hizo vizuri kuliko vitabu vingi.

Mbasa hutumia maji mawili, kwani hukulia ziwani na kupanda mitoni kutaga wakati wa mvua, hivyo nyavu zinazoziba mdomo wa mto humkuta kabla hajazaa. Kwenye mchanga, madume wa aina kadhaa hujenga vichuguu vya kuwavutia majike, na kokoro, yaani wavu unaokokotwa hadi ufukweni, ambalo limepigwa marufuku nchini, hupita papo hapo likavunja kila kitu. Udongo unaosombwa kutoka mashamba ya miteremko ya Rungwe nao ukitulia juu ya mawe hufunika mwani wa wale wakwanguaji wa maji mafupi, ambao kuhamia kina kingine ni kuingia kwenye eneo ambalo tayari lina wenyewe.