Jeneriki si feki

"Nipe ya orijino, hizi za Kihindi ni feki." Maneno haya yanasemwa kwenye dirisha la famasi kila siku, na wanaoyasema si watu wasiosoma. Sasa yanasambazwa na "ushahidi" kabisa: eti jeneriki, yaani dawa yenye kiambato kile kile iliyotengenezwa na kiwanda kingine na kuuzwa bila jina kubwa, inaruhusiwa kisheria kuwa na asilimia 80 tu ya dawa. Nimechoka kuyasikia, na nimechoka kwa sababu yanaua.

Chukulia mgonjwa wa presha aliyeandikiwa amlodipine 5 mg, kidonge kimoja kila siku, maisha yote. Kama jeneriki ni shilingi 100 na yenye jina kubwa ni shilingi 1,000, basi shilingi elfu tatu ni mwezi mzima wa jeneriki au siku tatu za orijino. Aliyetishwa kwamba ya bei ndogo ni feki hanunui orijino ya mwezi, kwa kuwa hana hela hiyo. Ananunua vidonge vichache, anameza siku kichwa kinapouma, vikiisha anaacha. Mwenye bima hata hajui mjadala huu upo. Analetwa hospitali amepooza upande mmoja yule yule asiye na uwezo, na dawa ambayo ingemfaa ilikuwa kwenye rafu.

Sasa hiyo asilimia 80. Kiasi cha kiambato hai, yaani kile kinachotibu, ndani ya kidonge kina kipimo chake. Vidonge vya paracetamol, kwa viwango vya Uingereza, lazima viwe na asilimia 95 hadi 105 ya kilichoandikwa kwenye boksi, viwe vya jina kubwa au visiwe. Namba 80 na 125 zinatoka kwenye jaribio jingine kabisa. Watu wazima wenye afya, mara nyingi ishirini na kitu hadi thelathini na kitu, wanapewa dawa moja kati ya jeneriki na orijino, wanatolewa damu kila baada ya muda, wanapumzika mpaka dawa iishe mwilini, halafu wanapewa ya pili. Tunalinganisha kilele cha dawa kwenye damu na jumla ya dawa iliyoingia. Tukishapata uwiano wa jeneriki kwa orijino, tunakokotoa pia eneo ambamo, kwa uhakika wa asilimia 90, uwiano wa kweli umo. Eneo hilo lote linatakiwa kukaa kati ya asilimia 80 na 125. Lote! Neno hilo ndilo linalodondoka kila ujumbe unaposambazwa. Dawa ambayo wastani wake ni 82 kwa kawaida haipiti, maana mkia wa chini wa eneo lake unatoka nje ya 80. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipopitia majaribio 2,070 ya kati ya 1996 na 2007, tofauti ya wastani katika jumla ya dawa iliyoingia mwilini ilikuwa kama asilimia 3.5. Kwa amoxicillin au metformin, tofauti hiyo haina maana yoyote kwa mgonjwa.

Kwa dawa chache, sisemi kwa ujasiri huo. Phenytoin ya kifafa, warfarin ya kuzuia damu kuganda, levothyroxine ya tezi ya shingo: hizi nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni nyembamba. Aliyetulia kwenye ya kiwanda kimoja, nisingemhamisha kila mwezi kwa kufuata bei, hata kama karatasi zote zinasema ziko sawa. Hilo ni tatizo la kuhamahama, na linampata hata anayetoka jeneriki kwenda orijino.

Mchanganyiko mwingine uko kwenye maneno yenyewe. Jeneriki ni dawa halali iliyotengenezwa baada ya hataza (haki ya pekee ya mvumbuzi) kwisha, au mahali ambapo hataza haipo. Dawa iliyo chini ya kiwango imetoka kiwanda halali lakini imekosewa au imeharibika. Feki ni ya mtu aliyedanganya makusudi kuhusu ni nini au imetoka wapi. Na mdanganyifu anafuata jina lenye bei: mwaka 2012 Marekani ilibaini Avastin ya saratani isiyokuwa na kiambato hai hata chembe. Kosa hili la maneno limewahi kuingia hata kwenye sheria. Kenya ilipotunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, tafsiri ya "bandia" ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuimeza jeneriki halali. Watu watatu wanaoishi na VVU walikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba vifungu hivyo vinahatarisha haki yao ya uhai na ya afya.

Walikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 2001 ARV za mtu mmoja kwa bei za nchi tajiri zilizidi dola 10,000 kwa mwaka. Februari ile Cipla, kiwanda cha dawa cha India, ikatangaza dola 350. Mwaka 2023 Global Fund, mfuko wa kimataifa wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ilitangaza kwamba TLD, kidonge kimoja chenye ARV tatu, imeshuka chini ya dola 45 kwa mwaka. India iliweza kwa sababu hadi 2005 sheria yake haikutoa hataza kwa dawa yenyewe, bali kwa njia ya kuitengeneza. Hizo ndizo "za Kihindi" zilizowarudisha watu shambani na kazini.

Na tafadhali, acheni kuloweka vidonge kwenye glasi ya maji ili kuona kama ni feki. Kipimo cha kweli kinatumia maji ya nyuzi 37 na kikapu kinachopanda na kushuka kama mara 30 kwa dakika; kidonge kisicho na ganda kinapewa dakika 15. Diclofenac yenye ganda la kuilinda tumboni inatakiwa ivumilie asidi saa mbili bila kufunguka. Isipoyeyuka kwenye glasi yako, ndivyo ilivyokusudiwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni rafu iliyo chini ya bati. Vidonge vingi vimehakikiwa kudumu kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, na duka lisilo na dari linapita hapo mchana. Fungua kopo la aspirini iliyokaa vibaya, harufu ya siki inakupokea. Oxytocin ya kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua inataka nyuzi 2 hadi 8. Joto halisomi jina la kiwanda.

Kuna hofu moja ambayo sitaidharau. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 wa Gambia walikufa kwa figo kushindwa kazi, na dawa za maji zilizohusishwa na vifo hivyo zilitoka India. Ndani yake kulikuwa na diethylene glycol, kemikali ya viwandani yenye bei ndogo kuliko glycerin au propylene glycol inayotakiwa kwenye dawa hizo. Kinga yake inajulikana: kila pipa la malighafi lipimwe kabla ya kuchanganywa, na kemikali hiyo isizidi asilimia 0.10. Gambia haikuwa na maabara yake ya kupima dawa. Usajili unapima faili na sampuli. Hauwezi kuapa kwa kila pipa la kila bechi (fungu la dawa zilizotengenezwa pamoja), na mimi siwezi pia.

Kwa hiyo dirishani taja jina la dawa, si la biashara. Angalia jina la kiwanda, tarehe ya kuisha na namba ya bechi, na kama namba iliyo kwenye blista ni ile ile ya kwenye boksi. Usikubali vidonge vilivyotolewa kwenye blista yake na kutiwa kwenye bahasha. Dawa ya maji ya mtoto, nunua ambayo lakiri yake haijakatwa. Ukiitilia shaka, irudishe na kifungashio chake chote, maana bila namba ya bechi hakuna anayeweza kuifuatilia.