Gavana wa Urusi Huwajibika kwa Nani?

Katika kufundisha siasa linganishi, swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu Urusi ni kama magavana wake huchaguliwa au huteuliwa. Jibu ni kwamba huchaguliwa, lakini kalamu ya kuwaondoa iko Moscow, na kwa maoni yangu kalamu hiyo ina uzito kuliko sanduku la kura.

Katiba ya 1993 inaitaja Urusi kuwa shirikisho, lenye majimbo, jamhuri na miji yenye hadhi ya jimbo, jumla zaidi ya 80. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 wakuu wa maeneo hayo walichaguliwa na wananchi moja kwa moja. Sitaki kuupamba wakati huo. Huko Primorye, kwenye pwani ya Pasifiki, Yevgeny Nazdratenko alishinda mwaka 1995 na tena 1999, ingawa wakazi walikuwa wakikatiwa umeme mara kwa mara; Rais Boris Yeltsin alijaribu kumpunguzia madaraka mwaka 1997 akashindwa, na ni baada tu ya majira ya baridi ya 2000 kuingia 2001, watu walipokaa majumbani bila joto, ndipo alipojiuzulu kwa shinikizo la Vladimir Putin, kisha akapewa kuongoza kamati ya taifa ya uvuvi. Sisi tunaotetea uchaguzi wa magavana hatuna budi kuukabili mfano huu, kwa sababu wapiga kura walikuwa na nafasi ya kumwondoa wakamrudisha.

Uchaguzi huo ulifutwa baada ya msiba wa mji wa Beslan, kusini mwa Urusi, wa Septemba 2004, ambapo watu zaidi ya 330, zaidi ya nusu yao watoto, walipoteza maisha katika utekaji wa shule. Siku kumi baadaye Putin alitangaza kwamba magavana watapendekezwa na rais na kuthibitishwa na mabunge ya majimbo, akieleza kuwa dola inahitaji umoja dhidi ya ugaidi. Sijawahi kuona ni kwa namna gani gavana wa kuteuliwa angeuzuia msiba ule.

Ninachokiona wazi ni gharama ya uteuzi. Mwaka 2005 jimbo la Kaliningrad, lililo magharibi kabisa mwa Urusi, lilipelekewa Georgy Boos, mwanasiasa wa Moscow. Januari 2010 watu wapatao 10,000 waliandamana, hasira yao ikiwa imechochewa na kupandishwa kwa kodi ya magari, nao hawakuishia kumtaka Boos aondoke, bali walimtaka na Putin, aliyekuwa waziri mkuu, ajiuzulu. Gavana akishakuwa mtu aliyetumwa na mkubwa, lawama za jimbo hupanda hadi kwa mkubwa huyo.

Uchaguzi ulirudishwa mwaka 2012, baada ya maandamano makubwa ya Moscow, lakini ukarudi umefungwa kufuli kadhaa. Mgombea lazima adhaminiwe na madiwani kati ya asilimia 5 na 10, na kwa kuwa madiwani wengi ni wa chama tawala cha United Russia, mpinzani huomba ruhusa ya kushindana kwa yuleyule anayeshindana naye. Kufuli lililo imara zaidi ni la ukaimu: rais humpumzisha gavana aliyechokwa, humteua kaimu, naye kaimu huingia kwenye kampeni akiwa tayari amekalia ofisi, bajeti na vyombo vya habari vya jimbo. Fedha nazo zimeelekea juu, kwani kodi yote ya ongezeko la thamani huenda serikali kuu tangu 2001.

Sheria ya Desemba 2021 iliondoa ukomo wa vipindi viwili mfululizo kwa magavana, na ikawakataza wakuu wa jamhuri kutumia cheo cha mkuu wa nchi, yaani “prezident” kwa Kirusi. Tatarstan, iliyokishikilia kwa muda mrefu kuliko wote, ilikiacha mwaka 2023 ikachukua neno la Kitatari lenye asili ya Kiarabu, ambalo msomaji wa Kiswahili analijua vizuri: rais.

Mfano unaoniuma ni wa jimbo la Khabarovsk, Mashariki ya Mbali ya Urusi. Septemba 2018 Sergei Furgal wa LDPR, chama kisicho tawala, alimshinda gavana aliyekuwa madarakani kwa karibu asilimia 70 ya kura. Desemba mwaka huohuo makao makuu ya kanda ya Mashariki ya Mbali yalihamishwa kutoka Khabarovsk kwenda Vladivostok. Julai 2020 Furgal alikamatwa kwa tuhuma za mauaji ya miaka ya 2004 na 2005, ambazo alizikana, na kabla mahakama haijasikiliza kesi rais alimfuta kazi kwa kupoteza imani naye. Wananchi waliandamana kwa miezi, wakidai gavana wao ashtakiwe mbele yao, mjini kwao. Aliyetumwa kukaimu, Mikhail Degtyarev, hakuwa mwenyeji wa jimbo hilo. Septemba 2021 alichaguliwa kuwa gavana, na Mei 2024, muhula wake ukiwa haujafika mwisho, aliitwa Moscow kuwa waziri wa michezo, na Khabarovsk ikapelekewa kaimu mwingine.