«Right» na pembe isiyoelekea kulia

Wanafunzi wengi wa Kiingereza huamini kwamba maana ya msingi ya neno «right» ni upande wa kulia, na kwamba maana ya usahihi ilizuka baadaye. Ukweli ni kinyume chake. Katika Kiingereza cha kale neno hilo, lililoandikwa «riht», lilimaanisha kilichonyooka na kilicho cha haki, na mkono wa kulia uliitwa hivyo baadaye kwa kuwa ulihesabiwa kuwa ndio mkono ufaao. Kiswahili kilipita njia nyingine, kwani mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula.

Kosa hili huonekana wazi katika hisabati, pale «right angle» inapodhaniwa kuwa ni pembe inayotazama kulia, ilhali ni pembe mraba, yenye nyuzi 90, hata ikichorwa upande wa kushoto wa ukurasa.

Aidha, si kila mahali «right» huweza kubadilishwa na «correct». Jibu la mtihani laweza kupewa sifa yoyote kati ya hizo mbili, lakini mtu anayeifaa kazi huitwa «the right person», na kumwita «the correct person» katika maana hiyo humshangaza msikilizaji, kwa sababu «correct» hupima jambo kwa kanuni au ukweli, wakati «right» hubeba pia kufaa na uadilifu. Kwa maoni yangu, kamusi zinazotafsiri yote mawili kwa neno «sahihi» pekee, bila mfano, humpotosha msomaji.